Gharama ya Kumtunza Mzazi: Daftari Lifunguliwe



Majuma matatu yaliyopita, baada ya swala ya Isha, tuliketi katika ukumbi wa nyumba moja ya Majengo, Mombasa, kwa mwaliko wa wenyewe. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati na ua nyuma. Katika chumba cha kwanza mkono wa kulia amelala mama wa nyumba, mwenye umri wa miaka 78. Miaka 2 iliyopita alipatwa na kiharusi kilichomwachia upande wa kushoto usiokuwa na nguvu, lakini akili na ulimi wake, alhamdulillahi, vi salama. Watoto wake wanne walikuwa wamekutana, mmoja wao kwa simu kutoka Muscat. Walituomba tuwe mashahidi wa mazungumzo yao, kisha wakaturuhusu kuyaandika hapa bila ya kuwataja majina.

Binti mdogo, ambaye ndiye anayeishi na mama, alitandika mkeka, akaleta kahawa na tende, kisha akaweka katikati yetu daftari la shule lenye jalada la bluu. Alikuwa akiliandika kwa miezi sita na hapakuwa na mtu aliyewahi kumwuliza habari zake. Kaka mkubwa alikuwa akituma shilingi 15,000 kila mwezi kutoka Muscat, na kwa muda wote huo aliamini, kwa nia safi, kwamba fedha hizo zinamtosha mama na kubaki. Ndugu wa pili, mwalimu wa Kilifi, alikuwa akija na mfuko wa samaki na matunda kila mwisho wa mwezi. Dada aliyeolewa Malindi alikuwa akipiga simu kila siku na kulia.

Daftari lilisomwa kwa sauti. Pampasi za watu wazima, pakiti 9 kwa mwezi, shilingi 9,000. Dawa za presha na sukari, 4,500. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, ambaye zamani alikuja mara mbili kwa wiki na sasa huja mara moja, 6,000. Maziwa, uji, samaki na matunda ya mgonjwa, 6,000. Tuktuk na teksi za kwenda kliniki, 2,500. Sabuni, glavu, mafuta na dawa ya vidonda vinavyotokana na kulala sana, 2,000. Bima ya afya, 500. Mwanamke anayekuja mchana kusaidia kumgeuza na kumwosha, 8,000. Jumla ni 38,500. Simu ya Muscat ilinyamaza kitambo, tukadhani mtandao umekatika.

Tumeisimulia baraza hii kwa sababu barua nyingi tunazopokea kutoka kwa akina mama hulizunguka jambo hili hili bila ya kulitaja. Huandika juu ya ugomvi wa ndugu, juu ya wifi asiyesaidia, juu ya mume anayelalamika kwamba mke hashindi nyumbani kwake. Ukizifuata barua hizo hadi chini, aghalabu utamkuta mzee kitandani na hesabu ambayo haikuwahi kufanywa. Sisi watu wa pwani twaona haya kuhesabu fedha juu ya mzazi, kana kwamba kuhesabu ni kumsimanga. Sura ya Al-Israa, katika aya ya 23 na ya 24, imetukataza hata ile guno ya kuchoka mbele ya wazazi waliofikia uzee. Haikutukataza kushika kalamu. Guno hilo, kwa tulivyoona sisi, humtoka zaidi yule aliyeachiwa mzigo peke yake kuliko yule anayejua kiasi cha mzigo na nani anaubeba pamoja naye.

Swali la kwanza katika baraza kama hiyo si nani atatoa nini. Swali la kwanza ni mama ana nini. Hapa ndipo familia nyingi zinapojikwaa. Sheria imewawajibisha watoto wenye uwezo kumpa nafaka mzazi asiye na kitu. Mzazi mwenye mali hutunzwa kwanza kwa mali yake mwenyewe, na hakuna anayedhulumiwa kwa hilo, kwani mrithi hana haki yoyote katika mali ya mtu aliye hai. Twajua hili kwa maneno. Lakini ni mara ngapi tumeona mzee analala juu ya godoro lililopasuka huku nyumba yake ikilindwa isiguswe, ati ni "mali ya watoto"? Kiwanja kinachosubiri mirathi huku mwenyewe akikosa dawa ni aibu yetu sote, na hatuoni sababu ya kulisema jambo hili kwa mafumbo.

Mama wa Majengo alikuwa na vyumba viwili vya kupangisha ambavyo, baada ya kutoa kodi ya mwenye kiwanja, vyamletea shilingi 9,000 kwa mwezi. Wasomaji wa mjini wanajua kwamba nyumba nyingi za mitaa hiyo zimejengwa juu ya ardhi ya mtu mwingine, kwa hiyo mali ya mama ni jengo, si ardhi. Alikuwa pia katika orodha ya Inua Jamii, mpango wa serikali unaowapa wazee waliosajiliwa wa miaka 70 na kuendelea shilingi 2,000 kwa mwezi. Hizo ni 11,000. Chumba cha tatu alikaa mjukuu, kijana mwenye kazi bandarini, tangu mwaka juzi na bila ya kulipa hata senti. Mwisho, ndani ya sanduku, zilikuwepo bangili za dhahabu za harusi ya mama. Kila mmoja pale ukumbini alijua kuwa zipo, na hakuna aliyezitaja mpaka alipozitaja mwenyewe kutoka kitandani.

Twatangulia mbele kidogo. Turudi kwenye daftari, maana lilikuwa na makosa mawili makubwa, na makosa hayo yamo katika nyumba nyingi.

Kosa la kwanza lilikuwa shilingi 8,000 za yule mwanamke wa mchana. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, kuwa shilingi 16,113 na senti 75 kwa mwezi, mbali na posho ya nyumba. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa pia siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, yenye malipo. Tunasikia majibu: "Lakini sisi hatuna uwezo," au "Yeye mwenyewe amekubali." Amekubali kwa sababu hana pa kwenda. Kumwogesha mama yetu kwa jasho la mwanamke mwingine ambaye hatukumlipa haki yake ni wema wa namna gani? Basi gharama ya kweli iliandikwa: 16,114 badala ya 8,000, na jumla ikapanda hadi 46,614.

Kosa la pili lilikuwa kwamba binti mwenyewe hakuwamo daftarini. Aliorodhesha kila glavu, akajisahau. Kabla ya mama kuugua alikuwa akipika mahamri na kuchukua oda za biriani za shughuli, na alikuwa na wateja kutoka Kibokoni hadi Kisauni. Alirudi nyumbani kwa mama baada ya kuachika, na pale kiharusi kilipoingia, ndugu wote waliona kwamba jambo limejipanga lenyewe, maana yeye "yupo tu." Kuwepo huko kumemgharimu wateja wake wote. Huamka mara tatu usiku kumgeuza mama ili ngozi isichubuke. Mgongo wake sasa wauma, na tangu mfunguo mosi uliopita hajahudhuria harusi hata moja. Kwa miaka 2 hakuna mtu aliyempa siku ya kupumzika, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba anafanya kazi.

Tulimwuliza mbele ya ndugu zake: lau si wewe, angeajiriwa nani wa usiku, na kwa kiasi gani? Mwalimu ndiye aliyejibu, baada ya kufikiri. Alisema angelazimika kulipwa mtu mwingine mshahara kama ule wa mchana. Wakakubaliana shilingi 15,000 kwa mwezi kwa dada yao, na shilingi 1,000 kila wiki kwa mtu wa kumpokea siku moja ili atoke. Jumla ikawa 65,614.

Wapo watakaochukizwa na wazo la binti kupokea ujira kwa kumtumikia mama yake. Twaelewa chuki hiyo. Nasi tulilelewa katika nyumba zilizoona hivyo. Lakini hebu tuangalie mambo yanakoelekea yakiachwa kama yalivyo. Mama huyu, kwa huruma yake, alikuwa amemwambia binti mara nyingi: "Nyumba hii itakuwa yako, mwanangu, kwa ulivyonitazama." Ni maneno yanayosemwa katika nyumba zetu kila siku, na ni nadra kuwa na nguvu yoyote. Binti ni mrithi, na wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wengine waridhie baada ya mauti. Hiba nayo yataka mtoaji aitoe na kuikabidhi akiwa katika afya yake. Zawadi ya mtu aliye katika ugonjwa wa mauti huhesabiwa kama wasia, na juu ya hayo yapo mafunzo mashuhuri ya Mtume, rehema na amani zimshukie, ya kuwafanyia watoto uadilifu katika vipawa. Basi mama akiondoka leo, mume wake akiwa ametangulia na wazazi wake vilevile, mirathi itagawanywa kwa watoto wa kiume wawili na wa kike wawili, mafungu sita. Nyumba ina vyumba sita. Kila kaka atapata thamani ya vyumba viwili, na kila dada thamani ya chumba kimoja. Binti aliyeamka usiku kwa miaka yote hiyo atapata chumba kimoja, sawa na dada yake wa Malindi.

Katika hesabu hiyo hakuna dhuluma. Ni faradhi ya Mwenyezi Mungu, nasi twaipokea. Dhuluma yatoka kwetu, tunapoitumia mirathi kama ahadi ya kumlipa mtu ambaye tungepaswa kumlipa sasa. Faradhi ya kumtunza mzazi haikuwekwa juu ya binti aliyeachika peke yake. Imewekwa juu ya kila mtoto aliye na ziada juu ya mahitaji yake na ya watu anaowalisha, awe wa kiume au wa kike. Asiye na kitu halazimiki kutoa fedha. Mwenye kutuma kutoka mbali ametimiza sehemu yake ya fedha, akiwa ametuma kiasi kinachostahili. Hajanunua kwa fedha hizo usiku wa dada yake, mpaka aununue kwa makubaliano yaliyo wazi. Ujira uliotajwa kiasi chake, wote wakaujua na kuuridhia, humwondolea binti tumaini la uongo na huwaondolea kaka tuhuma za baadaye. Namna ya kuugawa mzigo wenyewe baina ya ndugu wenye uwezo unaotofautiana ni jambo la kumwuliza kadhi au sheikh mnayemwamini, kwani wanazuoni wameliangalia kwa undani.

Kuna jambo jingine ambalo daftari lililifichua. Mwaka jana binti alikopa shilingi 40,000 kutoka chama chake cha akina mama, akanunua kiti cha magurudumu na godoro la hewa. Bado anazilipa. Je, fedha hizo zilikuwa zawadi yake kwa mama, au alimkopesha mama? Hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe. Tofauti si ndogo. Aliyetoa kwa hiari na kunyamaza ametoa sadaka, na malipo yake yako kwa Mola wake. Hawezi kuja siku ya arobaini na kudai. Aliyekopesha kwa makubaliano ana deni, na deni hutolewa katika mali ya marehemu kabla ya wasia na kabla ya fungu la mrithi yeyote. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, yahusu kuandikiana deni, na sisi bado twaona kuandikiana na ndugu ni kukosa imani naye. Mama aliitwa kwa sauti akaulizwa. Akajibu kutoka chumbani: "Ni deni langu. Andikeni." Likaandikwa na tarehe yake, nasi tukatia sahihi zetu kama mashahidi.

Hapo ndipo tunapowasihi wasomaji wasingoje. Mama huyu aliweza kusema. Wazee wengi huingia katika usahaulifu polepole, na siku familia inapokuja kuketi, mzee hajui tena bangili ni zake au ni za nani. Uwakilishi ambao mzee amempa mwanawe, wa kuchukua kodi au kutoa fedha benki, hubatilika kisheria akili yake inapoondoka, na hapo hukumu ya nani ashike mali huhitaji kupelekwa mahakamani. Vilevile kuhusu simu. Mwenye kushika simu ya mama na namba yake ya siri ndiye mwenye kushika kodi na fedha za Inua Jamii, na tunajua nyumba ambamo mjukuu alizitumia miezi kadhaa kabla ya yeyote kutambua. Kila kinachoingia na kila kinachotoka kiandikwe mahali ambapo ndugu wote wanaweza kupaona. Familia ya Majengo sasa hupiga picha kurasa za daftari kila Ijumaa na kuzituma katika kikundi chao cha WhatsApp.

Kuhusu misaada ya nje hatutasema mengi, maana ni midogo kuliko inavyodhaniwa. Ibara ya 57 ya Katiba yawapa wazee haki ya kupata matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia na serikali, lakini kwa vitendo familia ndiyo inayobeba. SHA, iliyoshika nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, husaidia mzee anapotibiwa katika vituo vilivyosajiliwa. Mshahara wa mtu wa kumwogesha nyumbani hailipi, wala pampasi. Mzee asajiliwe kwa jina lake mwenyewe, kwa kuwa kadi ya mtoto aliyeajiriwa hubeba mwenzi na watoto wake, si wazazi. Asiyekuwa na mshahara hutathminiwa hali yake na kulipa mchango wa mwaka kwa pamoja, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi, basi ni vyema fedha hizo ziwekwe kidogo kidogo kabla ya siku yake. Mzee aliyelemazwa na maradhi aandikishwe pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Wapo wanaodhani kwamba ng'ambo mambo haya yamekwisha tatuliwa. Ndugu zetu walioko huko hutuambia vingine. Nchini Marekani bima ya wazee iitwayo Medicare hailipii makazi ya muda mrefu ya mtu anayehitaji kuogeshwa na kulishwa tu. Na katika England, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hutakiwa kujilipia mwenyewe matunzo yake. Na hapa kwetu makao ya wazee ya kulipia ni machache, mengi yao yakiwa Nairobi na pembezoni mwake. Hatuwalaumu walioshindwa kabisa wakampeleka mzazi huko, maadamu wamemchagulia mahali pa amani, chakula cha halali na nafasi ya swala, na hawakumsahau. Bali kwa wengi wetu, mahali pa mzee ni chumba cha kwanza mkono wa kulia, na chumba hicho kina bei yake.

Je, zaka? Swali hili tunaulizwa kila Ramadhani. Mtoto hawezi kumpa mzazi wake zaka kwa jina la ufukara, kwa sababu nafaka ya mzazi fukara ni wajibu wake, na kumpa zaka ni kujilipia wajibu wake mwenyewe kwa fedha za zaka. Lakini zaka ya jirani, ya ami wa mbali au ya mfanyabiashara wa mtaani yaweza kumfikia mzee fukara ambaye watoto wake hawana kitu, na ni vizuri zaidi ikimfikia kwa fungu la kila mwezi la pampasi na dawa kuliko kwa unga wa siku moja. Vyama vya akina mama, ambavyo vimezoea kuchangia harusi na mazishi kwa wepesi wa ajabu, vingeweza kuiga jambo hili. Msikiti mmoja tunaoujua umenunua vitanda viwili vya hospitali na viti vitatu vya magurudumu, na huviazima kwa zamu. Mgonjwa akifariki, kifaa hurudi, huoshwa, na kuenda nyumba nyingine. Ni sadaka yenye kuendelea, na si ghali kwa jamaa wa msikiti mzima.

Neno moja kwa akina kaka kabla ya kurudi Majengo. Mgonjwa akiwa baba, kumwosha na kumsitiri ni kazi yenu kabla ya kuwa kazi ya dada zenu. Dharura ina hukumu yake, na binti asiye na msaidizi halaumiwi. Ila tumewaona wana watatu wazima wakikaa barazani huku dada yao akihangaika kumwinua baba aliyemzidi uzani, na baba mwenyewe akifumba macho kwa haya. Mfanyakazi wa kiume wa kazi hii hapatikani kwa urahisi, na akipatikana hudai zaidi. Kijana atakayeshika zamu ya asubuhi kabla ya kwenda kazini ataokoa gharama kubwa, na ataokoa heshima ya baba yake.

Sasa ile hesabu. Gharama kamili 65,614, na kipato cha mama 11,000, pengo 54,614. Kaka wa Muscat alisema angepandisha mchango wake hadi 30,000, na akaomba radhi kwa miaka 2 ya kutouliza. Mwalimu alisema 12,000, na kwamba angekuja kulala zamu ya Ijumaa usiku. Dada wa Malindi hana kipato chake. Mumewe halazimiki kumtunza mkwewe, nasi hatukuona haki ya kumdai. Alijitolea kuja kila likizo ya shule, majuma mawili mawili, ili mdogo wake apumzike na aanze tena kupokea oda ndogo za mahamri. Bado zilipungua 12,614.

Mjukuu wa bandarini aliitwa. Alikuja amevaa kikoi, hajui anaitiwa nini. Akaambiwa kwamba chumba ni cha bibi yake na kwamba wapangaji wengine hulipa 4,500. Uso ulimwiva, akasema angelipa kuanzia mwezi huu. Pengo likabaki shilingi 8,114 kwa mwezi, ambazo kwa mwaka ni kama 97,400. Ndipo mama alipotaka aletewe lile sanduku. Binti mdogo alikataa, akasema bangili zile ni kumbukumbu. Dada wa Malindi akalia. Mama akawasikiliza wote, kisha akasema kwamba bangili alipewa yeye kwa ajili ya siku ya shida, na kama hii si siku ya shida basi wamwambie ni ipi. Jozi moja ingeuzwa, kwa sonara wawili tofauti ili bei ilinganishwe, na fedha zitiwe katika akaunti isiyo ya riba kwa jina la mama. Jozi ya pili ibaki. Kwa bei ya dhahabu ya siku hizi, jozi hiyo yatosha kuziba pengo kwa zaidi ya mwaka mmoja. Baada ya hapo wataketi tena, inshallah, maana hali ya mgonjwa hubadilika na bei za dukani hazisubiri mtu.

Ilikuwa imekaribia saa tano za usiku. Simu ya Muscat ilikatwa kwa dua, vikombe vikakusanywa, na mwalimu akawa anaandika jumla ya mwisho kwa wino, pahali palipoandikwa kwa penseli. Tulipokuwa twavaa viatu, mama aliita tena kutoka chumbani.

"Na fidya yangu ya Ramadhani," akasema, "ile ya siku ambazo siwezi kufunga. Vibaba 30 vya mchele. Mmeviandika?"

Hawakuwa wameviandika. Binti alilifungua daftari tena.